Kaka Alijua Benki Ndiyo Iliyokata

Admin, naomba ufiche jina langu, familia yetu ina watu wengi humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, mjane, naishi Riruta. Jumamosi tunamzika kaka yangu, na mwenzenu sijui nitasimama vipi mbele ya watu.

Miaka ya tisini nilikuwa na kiduka mjini cha kuuzia watalii. Kaka alikuwa Kambi Muru, Kibera, akichonga mikufu na bangili za mifupa ya ng'ombe. Yeye anachonga, mimi nauza, tunagawana nusu kwa nusu. Mama yetu niliishi naye Kawangware. Tulikuwa tunakula vizuri, sitadanganya.

Wazungu wakaanza kuuliza kama napokea kadi. Benki ikanipa kile kimashine cha kupitishia kadi juu ya karatasi ya kaboni. Kila mauzo ya kadi walikata sehemu yao kabla ya kuniwekea pesa, na sikuruhusiwa kumwongezea mteja bei. Niliuliza, mbona mnanikata mimi na aliyekopa ni mzungu? Ofisa akacheka. "Mama, kuna wenye kadi wanalipa deni mapema, riba yao hatuioni. Faida ya hao tunailia kwako."

Nilimweleza kaka hayo yote. Lakini siku moja alikuwa dukani, akaona mzungu akisaini bei nzima ya mkufu. Nilipompa nusu ya kilichofika kutoka benki, akawaka.

"Wacha za ovyo, sister! Si nilikuwa hapo? Mzungu amesaini yote! Benki imechonga nini ndio ikule?"

Akaja hadi ploti yetu Kawangware, majirani wakiwa kwa foleni ya maji, akaniita mwizi. Akamchukua mama akaenda naye Kibera.

Mama alimwamini, alikuwa kifungua mimba wake. Alipougua nilimpelekea uji wa wimbi, ule alioupenda. Akageukia ukuta. "Rudi nao. Mimi sili jasho la mtoto wangu." Nilirudi na thamosi imejaa, nalia njiani bila haya. Hakula tena mkononi mwangu hadi akafa.

Juzi mke wa kaka alikuja kwangu, akafunga mlango kwanza. Alisema kaka alikwenda benki mwenyewe, mama akiwa bado hai, akaelezwa vilevile nilivyomweleza mimi.

"Wifi, alirudi akalala na viatu. Akaniambia, 'Ni ukweli wanakata. Lakini nikiomba msamaha kwa ile ploti, nitakuwa mwanaume gani?' Akanikataza kusema."

Nikamuuliza, na mama aliambiwa? Akasema la. Hakuambiwa.

Nimekasirika sana. Wazee wanasema mimi ndiye dada pekee, lazima nizungumze, tena nimsifu. Watoto wake wananiita senje, yaani shangazi, wananipenda, hawana kosa lolote. Wifi amenipigia magoti nilinde jina la marehemu. Na langu, nani alililinda?

Ndugu zangu, mimi peke yangu nimeshindwa kuamua. Nikipewa maiki nimsifu, au niseme? Maana kaburi lake wamelichimba kando ya la mama, na hapo katikati ndipo nitasimama.