Mutoto wa Kugeuza Kila Siku ya Ine

Mutoto yangu wa kwanza nilikuwa namugeuza kama muhogo wa kuanika. Tulikuwa Baraka, kando ya ziwa, wakati ya Babeleji, na mi nilikuwa ningali musichana, hata kumubeba mutoto kwa mugongo mpaka mutu anisaidie kufunga.

Bakubwa wangu balikuwa babili. Mama mukwe, mwenye tumbako haitoke kwa mudomo, alikuwa anasemea kwa pua: "Mukamwana, mutoto analala kwa mugongo. Kwa tumbo ni mujusi." Wa pili ni masere, mama muzungu wa misioni, mwenye kupita mu manyumba kila siku ya ine, Alhamisi, kuangalia batoto. Ule, Kiswahili yake ilikuwa inachechemea: "Mama, tumbo. Mugongo, mutoto tapika, mutoto kufa." Ukimusikia, anakupa kipande ya sabuni. Ukikataa, anakugombeza mbele ya bengine. Nikauliza bwana yangu. Akajibu na sauti ya muvuvi mwenye usingizi: "Mi ni mutu ya samaki, ya ndakala. Uliza bamama."

Njo siku zote ilikuwa mugongo, siku ya ine tumbo. Nikisikia gari ya masere kwa barabara ya Mboko, nakimbia kumugeuza.

Siku moja ya ine nikakunja kikwembe, nguo yangu ya kujifunga, mara ine, nikamulalisha juu yake kwa tumbo, maana masere alipenda kuona fasi safi ya kulala. Nikatoka. Ilikuwa vile: kila mama anasimama inje kwa mulango yake mpaka masere afike, hakuna kuingia-ingia. Masere akakawia kwa jirani. Alikuta sufuria chafu, akaanza kumufundisha kusugua na muchanga, sufuria moja, kisha ingine. Mutoto wangu akalia kidogo ndani, akanyamaza. Nikasema, amelala. Kisha roho ikakataa. Miguu nayo ikabaki palepale. Ilikuwa hatua tatu tu. Unacheka? Nami nilijichekaka, lakini haikuwa siku ile.

Masere akafika, akaingiza kichwa, "Tumbo, muzuri sana," akanipa sabuni, akaenda.

Mama mukwe njo aliingia. Akaniita polepole, bila ile pua yake:

"Mukamwana, kuya. Mutoto hapumue."

Uso ilikuwa imezama mu kikwembe, midomo sawa majivu. Nikasimama na sabuni mu mukono. Mama mukwe akamugeuza, akamupulizia usoni, akamusugua mugongo, akamupulizia tena. Mi kusimama tu. Kisha mutoto akavuta pumzi moja, kama mutu anatoka chini ya ziwa, akalia.

Siku ya ine yenye kufuata, nikamuacha kwa mugongo. Maneno ya kuambia masere nilishaitayarisha tangu asubui. Akaingia, akamukamata na mikono yake mbili, akamulalisha kwa tumbo. "Mama, wewe sahau?"

"Ndiyo, masere."

Nikabaki naangalia ule mugongo kidogo, kama unapanda, kama unashuka, nangojea gari iende. Ilipoenda, nikamugeuza.

Mutoto ule leo iko na bajukuu yake, na ananizidi uzito. Juzi tulipeleka kitukuu kwa maternité ya Fizi, hospitali ya kuzalia. Munganga, kijana mwenye ndevu tatu, akatuambia mutoto alale kwa mugongo, kwa kitanda ya kushupaa, bila mito, bila vikwembe karibu na uso. Mama mukwe alishakufa zamani, hakusikia. Nilitaka kumueleza ule kijana yote. Sauti yenye ilitoka ni ile ya mulango, ya wakati ya masere:

"Ndiyo, munganga."