Nilimvalisha Mama wa Kambo Robe ya Machungwa

Kabla hamjaanza kunitukana, ngoja nijitukane mwenyewe niwapunguzie kazi: mimi ni mshenzi. Nina miaka kumi na sita, bado nasoma, na darasani mimi ndiye ninayechekesha mpaka mwalimu anageukia ubao tusimwone akicheka. Ucheshi huo huo ndio umenifikisha hapa.

Nilimdhalilisha mke wa baba yangu mbele ya ukoo mzima, ndani ya meli, baharini, mahali ambapo huwezi kusema unatoka kidogo kupunga upepo kisha ukapanda basi ukarudi kwako. Na nilicheka!

Tunakaa Ganshoren, Ubelgiji: baba yangu, Papa, mimi na Maman Régine. Mama aliyenizaa aliachana na Papa zamani, yuko Lille na maisha yake. Maman Régine alikuja kutoka Likasi, ambako alikuwa mwalimu. Kiswahili hiki mnachosoma, kilichonyooka hivi, ni yeye aliyenifundisha, mezani jikoni, akinigonga kidole kwa kijiko kila nikikosea. Donc mjue, hata kuungama naungama kwa mali yake.

Dada za Papa hawakumtaka. Mkubwa wao, Tantine Clarisse wa Etterbeek, alikuwa hamtaji jina. Alikuwa anasema "ule wa kwenu", kama mtu anayeulizia panya.

Bon. Tantine akafikisha miaka sitini, akataka ukoo wote tupande meli ya kitalii kutoka bandari ya Zeebrugge. Mimi ndiye niliyewasomea barua pepe ya wenye meli: usiku wa pili kuna chakula cha gala, kila mtu avae rasmi. Kwetu sisi jambo hilo halina mjadala. Wanaume suti, wanawake wote pagne moja, kitenge kimoja. Uniforme! Ukiwa umevaa ile pagne, wewe ni wa ukoo. Ukiwa hukuvaa, wewe ni mgeni aliyepita akasikia harufu ya kuku.

Tantine akaniita kwenye maduka ya Porte de Namur, akanikabidhi mfuko. Ndani mlikuwa na pagne ya kijani yenye ndege wa njano.

"Hii ni ya Maman Régine," akasema. Mara ya kwanza kumtaja jina! "Umuambie ni miye nimetuma. Na mikono yangu. Asone namna anapenda."

Mnaelewa alichokuwa anasema? Alikuwa anafungua mlango. Na funguo akanipa mimi. Mimi!

Nilifika nyumbani nikausukuma ule mfuko chini ya kitanda changu.

Kwa nini? Msinitafutie sababu nzuri, sina. Maman Régine alikuwa ananinyang'anya simu mezani. Papa alikuwa anacheka utani wake kuliko wangu. Na nilitaka kuona sura yake itakavyokuwa. Basi.

Siku zile Maman Régine hakuwa na amani. "Mwana," ananiuliza huku anakata mboga, "kule kwenye gala banavaa nini? Niko na pagne moja ya muzuri ya Likasi."

"Pagne? Eh, Maman, hapana! Kule ni robe ya soirée, gauni la sherehe. Tantine amesema atakayekuja na pagne amemwaibisha."

"Tantine njo alisema?" Kitabuni ni "ndiye", lakini akiwa na wasiwasi hurudia Kiswahili cha Likasi.

"Kwa mdomo wake."

Akanishukuru. Akaniomba tukatafute robe pamoja, maana mimi ndiye najua mambo ya huku. Nikamchagulia mbaya kuliko zote: ya rangi ya machungwa, inang'aa kama karatasi ya pipi, mabegani ina manyoya yaliyosimama kama kuku aliyeshtuka. Akajigeuza mbele ya kioo, akauliza, "Si imezidi?" Nikamwambia, "Maman, utaua watu!"

Papa naye nikamziba: mke wako ameshonesha pagne ya siri, anataka kukushangaza, usimuulize kitu. Papa akatabasamu kama mtoto. Jioni ya gala akatangulia na kaka zake, akamwacha mkewe avae peke yake.

Sasa wazieni. Ukumbi una taa za kioo. Wanawake wote wa ukoo tumesimama kwenye ngazi, kijani na ndege wa njano, hata mimi niliyekwenda kuvalia kwa binamu zangu, hata katoto ka binamu yangu ambako hakajaota meno. Mlango unafunguka, anaingia chungwa lenye manyoya.

Alisimama. Akatuangalia mmoja mmoja, kama mwalimu anayehesabu wanafunzi na kugundua aliyepotea ni yeye. Halafu, maskini, akajikaza akaja kusimama pembeni yetu.

Mpiga picha wa meli, kijana mwembamba mwenye adabu zake, akashusha kamera. "Madame wa rangi ya machungwa, samahani, sogea kidogo kando. Hii ni picha ya familia."

Hakuna aliyemwambia ni wa familia! Papa aliangalia viatu vyake. Tantine akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Nilimupatia pagne na mikono yangu. Anakatala. Bon. Tumeelewa."

Maman Régine akasogea.

Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa na muda mwingi tu! Lakini mdomo wangu ulikuwa na shughuli. Kwenye ile picha meno yangu yote yanaonekana.

Usiku akaniuliza, "Weye ulijua?" Nikamwambia hapana, Tantine alitucheza sote, hata mimi yangu nilipewa kwenye meli. Akaniamini. Akanipapasa kichwa akasema si kosa langu. Mimi nikalala.

Papa aliitundika ile picha sebuleni, kubwa, juu ya meza ya chakula. Maman Régine akawa anaifuta vumbi. Alimwapia Papa kwamba hakupewa pagne yoyote, Papa akamwona mwongo; Tantine alisema "na mikono yangu", nani angewaza mfuko ulipitia kwangu? Waligombana mpaka Papa akasema atapekua nyumba nzima, chumba kwa chumba, aipate.

Nikatoa ule mfuko, nikashuka nao kwa Madame wa ghorofa ya chini, bibi wa Kibelgiji anayeishi na mbwa mnene na cherehani. "Zawadi," nikamwambia. Nilidhani atashona mapazia.

Baridi ilipoanza, simu ikaja kutoka Likasi: mama yake Maman Régine amefariki. Kwa kukosa pesa na makaratasi ya safari, hakuweza kwenda kuzika. Akasema basi atafanyia matanga hapa. Tukasukuma makochi, tukatandika godoro sebuleni, tukapanga viti mpaka kwenye korido. Alipika bukari, yaani ugali, ya watu wengi, akilia juu ya sufuria.

Hakuja mtu. Papa alimpigia Tantine, akaweka simu kwenye spika akidhani mkewe atasikia pole. Akasikia hivi: "Alikatala pagne yetu kwa furaha. Kwa kilio anatutafutia nini?"

Viti vyote vile! Maman Régine alikaa kwenye godoro, bukari ikapoa ikawa jiwe.

Ndipo kengele ikalia. Alikuwa ni Madame wa chini, na keki mkononi, amekuja kutoa pole. Nyuma yake akaingia mbwa.

Mbwa amevaa koti. Kijani. Ndege wa njano.

Papa akaangalia mbwa. Akaangalia picha ukutani. Akaangalia mbwa tena. Na yule bibi, Mungu amsamehe, akanionyesha kwa kidole kwa furaha: "Ni huyu mtoto wenu aliyenipa kitambaa. Kimemkaa vizuri, eh?"

Maman Régine hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alifuta uso, akaniambia kwa utulivu kabisa:

"Umupatie kiti. Yeye njo famille."

Na nikaleta kiti. Mbwa akapandishwa, akakaa, akala ile bukari.

Tantine alikuja kesho yake, analia kutoka kwenye lifti, na pagne mpya mikononi. Maman Régine akaipokea, akasema aksanti, akaikunja, akaifungia kabatini. Hajaishona mpaka leo. Mimi ananiita "mademoiselle", kama binti wa wageni, si "mwana" tena. Nikikosea Kiswahili hanigongi tena, ananiacha na kosa langu. Msahihishaji wa barua hii sina, mtavumilia.

Juzi binamu yangu aliolewa. Wanawake wote walipewa uniforme. Nikamuuliza Tantine yangu iko wapi. Akasema, "Weye uko na robe kwenye kabati."

Niliivaa, manyoya na yote. Wakati wa picha sikungoja mpiga picha aniambie. Nilijisogeza kando mwenyewe.

Ninyi mnaopenda kuchekesha kama mimi, sikilizeni: mkipewa kitu mkampe mtu, mkampe siku hiyo hiyo, hata kama mnamchukia. Mimi siku hizi, katika nyumba nzima, anayefurahi kuniona ni mbwa wa ghorofa ya chini. Tukikutana kwenye lifti ananitikisia mkia, na koti lake.