Marieta wa mashine ya kusaga na wimbo uliokosea neno moja

Ni saa mbili na nusu asubuhi Dongobesh, na foleni ya ndoo na madebe imeshafika barabarani. Ndani ya kibanda cha mabati, mashine ya kusaga inaunguruma mpaka ardhi inatetemeka chini ya miguu. Marieta Bura amejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, lakini unga haujali kanga. Umemkaa kwenye kope, kwenye nyusi, hata ndani ya masikio. Akicheka anafanana na bibi wa miaka themanini aliyebaki na meno ya msichana.

Anamwaga mahindi, anausugua unga kwa vidole viwili kuona kama umelainika, anafunga mfuko, anaita anayefuata kwa mkono. Mama mmoja mzee amesimama mwisho wa foleni na ndoo kichwani. Marieta anamwona, anatoka, anaitua ile ndoo kwa mikono yake na kuiweka mbele. Hakuna anayelalamika.

Muda wote huo midomo yake inacheza. Anaimba, ila injini imemeza sauti yote.

Bodaboda inapita nje ikiwa na spika ndogo imefungwa kwenye usukani. Wimbo unaotoka humo ni wa kinanda cha umeme, unarukaruka kama matone ya mvua kwenye bati, na sauti ni ya mwanamke. Foleni nzima inageuka na kumtazama msagaji.

"Marieta, umepita hapo!" anapiga kelele mmoja. "Mbona hukujipungia mkono?"

Ndiyo, sauti ni yake. Wimbo huo tangu mwezi wa nane mwaka jana umeingia kwenye simu za watu kutoka Mbulu mjini hadi Katesh, na wachunga ng'ombe wa Getanuwas wanausikiliza malishoni. Lakini ukimuuliza umempa nini, jambo la kwanza analotaja si umaarufu.

"Ulitaka kuninyang'anya dada," anasema.

Marieta ana miaka 34, mzaliwa wa Bashay. Alifiwa na mumewe miaka sita iliyopita, na mwaka huohuo akaanza kazi kwenye mashine hii, ambayo si yake. Kwa siku analipwa shilingi elfu tano. Chumba alichopanga hakina mtu wa kubaki na watoto mchana, kwa hiyo Yonas, 12, na Sara, 9, wanaishi kwa bibi yao Bashay. Yeye huwafuata Jumapili.

Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini tu kutoka kwenye kibanda, lipo duka la vitenge na mashuka la Sauda Tawakali, 46, ambaye watu humwita Mama Yasmini na Marieta humhesabu dada. Miaka yote hiyo Marieta amekuwa akinawa unga kwenye bomba la uani kwa Sauda kabla ya kurudi nyumbani. Na kila saa nne kulikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi kilichofunikwa kwa sahani, kwa sababu Sauda aliona kwamba chai isiyofunikwa ikifika kwenye mashine inageuka uji.

Mwezi wa sita mwaka jana, shule zilipofungwa, Sara alipewa lifti kutoka Bashay kumtembelea mama yake. Alifika na sweta lake jekundu, akasimama mlangoni pa kibanda, akaita. Akaita tena. Marieta alikuwa amempa mgongo akimwaga gunia, na injini ilikuwa juu.

"Aliniita mara tatu," anasimulia Marieta. "Mara tatu mwanangu ananiita, nisisikie. Akavuka barabara, akamwambia Mama Yasmini, 'Naomba umwambie mama nimefika.' Nilipogeuka nikamwona kakaa pale dukani, ana mandazi mkononi, na mkono wa Mama Yasmini uko begani kwake. Nikasema moyoni, huyu mwenzangu akiitwa anasikia. Mimi naitwa na mashine tu."

Maneno hayo hayakumtoka kichwani. Wiki nzima aliyaimba kibandani, kwa sauti kubwa, kwa kuwa alijua hakuna anayemsikia. Jumapili akamwimbia binamu yake Basili, mpiga kinanda wa kwaya ambaye siku za kazi huingiza nyimbo kwenye simu za watu mjini Mbulu. Basili alikuja na simu yake, akarekodi mngurumo wa mashine, akaugeuza kuwa mdundo, kisha akaweka vinanda juu yake.

Ukasikika hivi: *Nakuonea wivu, mama wa duka la buluu. Ukiitwa unaitika, mimi naitwa na mashine.*

Duka la buluu Dongobesh lilikuwa moja.

Marieta alidhani ametoa shukrani. "Nilivyowaza kwa lugha yetu ya nyumbani, ilikuwa ni kumsifu mtu. Nilipoitia kwenye Kiswahili, nikaokota neno lililokuwa karibu," anasema, na kujipiga kofi dogo kwenye paji la uso. Unga unaruka.

Mji haukusikia sifa. Mji ulisikia mjane anamwonea wivu mwanamke mwenye mume. Musa, mume wa Sauda, mtu mpole anayekata vitambaa bila kuinua macho, akaanza kupigiwa miluzi akipita stendi ya bodaboda. "Mzee Musa, unaimbwa!" Alinunua makopo mawili ya rangi ya kijani, akalipaka duka upya. Siku ya pili yake vijana wakabadilisha na wao, wakaimba *mama wa duka lililokuwa la buluu*.

Chai ikakoma. Halafu likaja lililouma zaidi.

"Nilimwambia, 'Shikamoo, Mama Yasmini.' Akapita. Kesho yake, 'Shikamoo.' Akapita," anasema Marieta. "Siku kumi na tisa. Mtu mkubwa kutokuitikia shikamoo! Ningeona nafuu kama angenitukana."

Alikoma kwenda bombani. Alirudi chumbani na unga wake mwilini, na ndugu walipompigia simu kuomba aimbe kwenye harusi ya mdogo wake Gerald, alikataa. Alimwomba Basili aufute wimbo. Basili akamwuliza, "Nitaingia kwenye simu ya kila mchungaji Hanang nikaufute, dada?"

Sauda hafichi alivyokuwa. "Nilikasirika, sitadanganya," anasema akikunja kitenge. "Kwa sisi, mwanamke akisema anamwonea wivu mwenzake, watu wanaanza kumtafuta mume yuko wapi. Lakini kila saa nne mkono wangu ulikuwa unaenda kwenye chupa ya chai wenyewe. Nikaona nitachoka kukasirika kabla sijamwuliza."

Siku ya ishirini alichukua debe la mahindi, yeye ambaye siku zote humtuma mtu, akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika alisema jambo. Marieta hakusikia. Akalirudia. Bado.

Hapo Marieta alifanya kitu ambacho msagaji hafanyi mashine ikiwa imejaa mahindi. Alizima injini.

Kimya kiliingia kibandani, watu wakasikia hata kuku wa jirani. Wanawake kumi na wanne kwenye foleni hawakujifanya hawasikilizi.

"Nimekuuliza," alisema Sauda, "unanionea wivu wa nini mimi?"

"Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Wa nini?"

Marieta akaeleza. Alieleza mlango, gunia, mara tatu za kuitwa, mandazi, mkono begani. Alilia, na machozi yakafanya mistari miwili kwenye unga.

"Siku ile ya sweta jekundu?" aliuliza Sauda.

"Hiyohiyo."

"Na Musa je?"

"Musa nimfanyie nini, Mama Yasmini? Hata salamu anaitikia kama analipia."

Foleni ilicheka. Sauda alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akampangusa Marieta uso kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe, mtandio safi wa kwenda mjini, bila kujali utakuwaje.

"Hiyo haiitwi wivu, mama Sara," alimwambia. "Hiyo sema *natamani*. Wivu ni wa mume. Waliokufundisha Kiswahili walikuficha."

Mahindi yaliyobanwa ndani ya mashine yalichukua karibu saa nzima kuyatoa kwa mkono. Wanawake wale walisaidia, Sauda akiwa mmoja wao.

Chai imerudi. Basili amerekodi wimbo upya, Sauda akiwa amekaa kwenye kiti pembeni kusimamia maneno, na Sara sasa anajua kwamba akifika asiite, aje mbele amshike mama yake mkono. Mwenye mashine amesema akipata umeme wa uhakika atafunga ya mota, isiyopiga kelele sana. Marieta anaisubiri ili awalete watoto wote wawili.

Lakini kabla ya hapo ipo harusi ya Gerald, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, Nambis. Marieta amekubali kuimba. Sauda naye amealikwa, na ameshashona gauni.

Saa nne imefika. Mashine imepumzishwa, na wawili hao wamekaa kwenye ngazi ya duka, kila mmoja na kikombe. Marieta bado ana hofu moja.

"Nitaimba *natamani*," anasema, "lakini watu wamezoea. Watapaza sauti na neno lilelile la zamani, ukumbi mzima."

"Waache wapaze," anasema Sauda. "Mimi nitakuwa nimeshaingia katikati nacheza. Wakiniona naucheza wimbo wako, watauliza wivu gani tena?"