Ngitili Haifunguliwi Masika

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, baba yangu alikuwa ameinama akiziba pengo la ua wa miiba nyumbani kwetu Kagongwa. Mimi nilisimama nyuma yake, viatu vya mpira vikining'inia shingoni, nikitafuta neno la kuagia.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana nilipita uwanja wa chuo chenu nikitoka kanisani, nikawaona mnavyojiandaa kwa msimu, nikamshukuru Mungu kwa afya zenu. Wewe kapteni ukaja kunisalimia, ukaniuliza: kuna watu wa machimbo wanawaita mkacheze ndondo, mechi za mtaani za kugombea zawadi, wiki moja kabla ya ligi ya vyuo, je, mwende? Nilisema nitakujibu. Mzee hajibu huku amesimama.

Enzi hizo nami nilikuwa beki wa timu ya chuo. Mshambuliaji wetu, Masanja, ndiye aliyenifuata nyumbani siku ile.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba. Mnakwenda wapi na viatu, na ligi yenu bado?"

"Geita, baba. Tajiri mmoja wa shimo la dhahabu ameandaa ndondo. Mfungaji bora anapewa ng'ombe mtamba! Tunapasha misuli tu, ligi ni wiki ijayo."

Baba alionyesha ndani ya ua. Kwetu Usukumani mwenye mifugo hutenga sehemu ya malisho, ndiyo ngitili. Masika haiguswi, hufunguliwa kiangazi, nchi ikishakauka. Majani yalikuwa yamefika magotini, na ng'ombe wetu walikuwa wameegemea miiba wakilia kwa uchu.

"Nikiwafungulia leo watanisifu," baba akasema. "Kiangazi watanizika."

Masanja akacheka. "Lakini baba, miguu si majani!"

"Kweli kabisa. Majani yakiliwa, mvua huyarudisha. Goti lako, kijana, litarudishwa na mvua ipi?"

Masanja akatazama barabarani, lori lilikuwa linasubiri. Akaniita beki wa mama, akaenda. Mimi nilibaki, wala usinisifu: hekima sikuwa nayo, nilimwogopa baba.

Alifunga mabao, mtamba akampata. Akarudi akimswaga huku anachechemea, goti limevimba kama boga. Ligi ilipoanza alikaa benchi amefungwa bandeji, na sisi tukapoteza mechi za mwanzo kwa kukosa mtu wa kumalizia. Niliona machozi yake, mwanangu, na mtu yule hakuwa wa kulia ovyo.

Kiangazi kikafika. Kwao majani yalikwisha, mtamba akabaki mbavu. Baba, aliyekuwa katekista na hakupenda kumcheka aliyeanguka, alimwita Masanja, akaondoa miiba ya lango, akasema, "Mwingize mchezaji wako." Masanja alisimama pale akimtazama mtamba anavyokula, kisha akasema taratibu, "Kumbe hivi ndivyo majani yanavyongojwa."

Alilipumzisha goti lake hadi likapona. Mzunguko wa pili alirudi uwanjani, na kikombe hatukukipata, lakini tulimaliza kwa heshima. Leo ana zizi zima, uzao wa yule mtamba, na ana ngitili pana kuliko ya baba. Tukikutana bado ananiita beki wa mama.

Basi jibu langu ni hili. Machimbo hayahami, na ndondo zitakuwapo ligi ikiisha. Nendeni wakati huo, mcheke, mle nyama. Kwa sasa waambie wenzako wazungushe miiba. Nguvu zenu ni za msimu mzima na ni za timu nzima, si zako peke yako. Akiba haiozi. Anayekuhimiza uifungue mapema hatakuwapo kiangazi.

Mwenyezi Mungu ailinde miguu yenu, kapteni wangu. Awape pumzi ya kufika mwisho, na mkishinda au mkishindwa, mrudi nyumbani mkitembea wima. Mimi nitakuwa pembeni ya uwanja, kiti changu nakuja nacho.