Ketura na Bei ya Kasese

Ketura wa Bwera hakuwahi kupokea noti bila kuiinua kwenye mwanga, hata ikitoka kwa padri. Hakuwa mtu mbaya, ndivyo alivyolelewa. Kwao Kyondo baba yake alinunua kahawa kwa kuuma punje, na isipolia kati ya meno alirudisha gunia zima, hata kama mwenye gunia ni shemeji yake. Baadaye, akiuza samaki Kahendero, Ketura aliuziwa redio kwa nusu bei, mpya, imefungwa plastiki. Kufika nyumbani akakuta ndani ya boksi mche wa sabuni na magazeti. Tangu siku hiyo, ukitaja nusu bei mbele yake anakunja uso kama amelamba shubiri.

Basi mama huyu, ambaye hata wali wa harusini aliupekua kwa kijiko kabla ya kula, ndiye aliyefungua duka la vitu vya umeme Bwera, kando ya barabara ya kwenda mpakani. Aliuza redio, spika na nyaya, lakini Desemba kilichomlisha kilikuwa mashine za gemu. Shule zikifungwa, kila mwenye chumba na televisheni anataka kufungua ukumbi: vijana wanalipa, wanacheza mpira wa kwenye kioo, wanapiga kelele mpaka jirani anatamani kuhama. Wenye kumbi kubwa walikuwa ng'ambo ya mpaka, Kongo, katika miji ya Beni na Butembo.

Mmoja wao alikuwa Sosthène wa Butembo, Mkatoliki mpole wa maneno machache. Kila Krismasi alichukua mashine kumi, na kwa miaka mitano hakufungua boksi hata moja. "Mama Ronah akisema iko muzima, iko muzima," alisema, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza, kisha akapakia na kwenda zake. Ketura hakumwamini mtu yeyote duniani, lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyemwamini yeye. Jambo hilo alilipenda kuliko faida, ingawa hakuthubutu kulisema.

Desemba ya mwaka 2014 habari zikafika Bwera kwamba duka la Tumwesigye, kule Kasese mjini, limeshusha bei. Mashine iliyokuwa laki saba sasa ni laki tano, imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu, na spika mbili zinatangaza kutwa.

Ketura alicheka kwa hasira. Yeye mwenyewe alizinunua zake kumi Kampala mwezi wa Oktoba kwa zaidi ya hapo. Hizo ni za wizi, akasema moyoni, au zimeoza ndani. Akafunga duka, akaenda Kasese kujionea.

Alijifanya mteja, na Tumwesigye hakumficha kitu. "Mama, kampuni imetoa mashine mpya, kwa hiyo hii ya zamani imeshuka hukohuko Kampala. Nikiikalia mpaka Januari, nani ataitaka?"

Maneno yalinyooka, na kwa Ketura maneno yakinyooka mno ndipo yanapoanza kunuka. Akageuza boksi huku na huku. Utepe wa kiwandani ulikuwa umekatwa, na juu yake umebandikwa mwingine.

"Hii imefunguliwa!"

"Tunazijaribu zote, mama. Mtu hatoki hapa na kitu cha umeme bila kukiona kinawaka."

Ketura aliijua desturi hiyo. Kasese hata balbu hujaribiwa kabla ya kulipiwa. Lakini siku hiyo hakutaka kuijua. Hajafika hata stendi, akampigia Sosthène simu. "Usinunue ya Kasese. Zimefunguliwa, zimetengenezwatengenezwa. Mashine ya bei ya chini iko na ugonjwa, lazima."

"Aksanti sana, Mama Ronah. Miye nakuamini weye."

Siku zikapita, mashine zake kumi zikashika vumbi. Jirani yake Alisi, mwenye ukumbi mdogo, akaenda Kasese akarudi na mbili. Ketura akapita dirishani kwake mara tatu kwa siku, akitega sikio, akingoja zife. Hazikufa, na vijana walizidi kupiga kelele.

Hapo akaingiwa na hofu ya kweli. Sosthène akilipa laki saba, kisha asikie ng'ambo kwamba kila mahali ni laki tano, atamwona mwizi. Kwa roho inayouma akaimeza hasara, akaandika "laki tano" kwenye kibao, akakiweka mlangoni.

Sosthène alifika tarehe ishirini na moja. Akakisoma kibao, akakisoma tena.

"Mama Ronah, uliniambia ya bei ya chini iko na ugonjwa."

"Ya Kasese, Sosthène."

"Na hii ya kwako, ugonjwa iliishika lini?"

Ketura akacheka peke yake. Akaeleza habari za kampuni, mashine mpya, Kampala. Yalikuwa maneno yaleyale ya Tumwesigye, na sasa yalinuka kinywani mwake mwenyewe. Mwishowe akachoka kujizungusha. "Nilikosea. Hata za Kasese ziko nzima."

"Basi ulinidanganya ile siku, ao unanidanganya leo?"

"Ile siku."

Sosthène aliinamisha kichwa, na ilionekana imemuuma. "Tufungue," akasema.

Wakafungua zote kumi, moja baada ya nyingine, wapita njia wakijaa mlangoni kutazama. Zote ziliwaka. Ketura akabandika utepe juu ya utepe, na Sosthène akalipa bila kupunguza hata shilingi. Ketura akavuta pumzi, akidhani yamekwisha.

"Sasa twende kwa chairman," Sosthène akasema. "Tuandike."

Huko Bwera watu huandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji wanapouziana shamba, au ng'ombe, au wanapokuwa hawaaminiani. Mwenyekiti Ezironi akawatazama wote wawili. "Karatasi ya nini? Nyinyi si ndugu?"

"Iko muzuri kuandika, chairman," Sosthène akajibu kwa upole.

Ketura hakubisha. Angekuwa yeye, angedai karatasi mbili.

Ezironi akaandika idadi, bei na tarehe. Shahidi wa mnunuzi akawa dereva wake, aliyekuja naye. Kisha mwenyekiti akainua kalamu. "Na wako, Ketura? Nimwandike nani?"

Ketura akaupitisha mtaa mzima kichwani, duka kwa duka. Kila aliyemfikiria, aliwahi kumpekua, kumtilia shaka au kumtegea sikio dirishani. Jina lililomjia lilikuwa moja tu, na mwenye jina alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, akingoja karatasi yake.