Siku Mdogo Wangu Aliposindikiza Wageni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mnapenda kusema wazee hawajui safari. Basi nitawaambia safari ya wikendi ya wasichana watatu waliotoka nchi zao kuja kusoma Nairobi, na vile ilivyonikalisha langoni nikingoja.

Mmoja aliishi kwangu, hapa Kawangware. Mama yake ni mtu wa Tanga, tulijuana kwa mambo ya kanisa, akanikabidhi mtoto mpaka amalize chuo. Msichana alikuwa na adabu mpaka inachosha. Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo, ukikutana naye kwa choo cha wapangaji wa ploti, shikamoo. Watoto wa hapa hupita wakisema "niaje shosho", yaani habari bibi, na miguu haijasimama. Huyu anainama, anangoja umjibu.

Wenzake wawili wa darasani, mmoja wa Uganda na mmoja wa Burundi, walikuwa vile vile. Yule wa Uganda alipiga magoti akikusalimia, hata kwenye matope. Nilimkataza, hakusikia.

Muhula ulipofika katikati, wanafunzi wengine wakapanga kwenda kuangalia simba. Hawa watatu wakaja kwangu wakasema wamechoka kujua Nairobi ya chuo na stage ya matatu tu. Wanataka kutembea kwa miguu hadi Kibera, walale huko usiku mmoja, wafuate reli, waone. Nikawauliza waone nini. Kibera si mbuga. Watu wanaishi pale, wanafua, wanalea. Yule wa Burundi akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao pia watu wanafua, lakini yeye hajawahi kupeleka miguu yake mahali bila mwalimu kumwongoza. Hilo nililielewa.

Nikawaelekeza kwa mdogo wangu, anayeishi mtaa wa Gatwekera huko huko Kibera. Masharti yangu: kila mmoja aingie na mtungi wa maji, waoshe vyombo, na picha hakuna.

Mdogo wangu lazima niwaeleze. Mwaka uliotangulia aliteleza kwenye mteremko akitoka kuteka maji, akavunjika mguu juu ya goti. Hospitali wakamtia chuma, mfupa ukashika. Daktari akamwambia atembee kila siku, ila asiuchoshe huo mguu. Yeye akashika hiyo ya kutouchosha, ile nyingine akaiacha hospitali. Kutoka mlangoni hadi kwa kibanda cha mboga, basi. Nikimwambia aje kwangu, anasema Ngong Road hataivuka tena mpaka abebwe, na siku hiyo hatajua kama amebebwa. Mimi ndiye niliyekuwa naenda kwake. Niliogopa atakaa hivyo mpaka mguu ukauke. Tena niliogopa siku moja kiburi kitampanda, atembee mno, kile chuma kilegee.

Jumamosi wakaenda. Jumapili nikatoka kanisani, nikapika, nikangoja. Jua lilipoanza kushuka simu ikalia. Alikuwa jirani wa mdogo wangu. Akasema, "Shosho, dada yako alitoka mchana kusindikiza wageni, hajarudi. Maharagwe yake yameungua, nimeyaepua. Simu ameiacha hapa kwa chaji."

Nikapiga ya msichana wa Tanga. Imezima.

Nikatoa stuli nikaketi langoni. Nikafikiria reli na yale mawe yake. Nikamwona mawazoni mdogo wangu amelala mahali, wale watoto wamemzunguka, mmoja amempigia magoti.

Wakatokea upande wa Naivasha Road, polepole kama watu wa harusi. Mdogo wangu alikuwa katikati, leso kiunoni, patipati za nyumbani miguuni, mkononi ile fimbo ya hospitali ambayo kwake huitundika ukutani. Vumbi mpaka magotini.

Sikumsalimia. Nikamuuliza, "Nani amekutuma huku?"

"Hawa wako," akasema. "Nimengoja waniambie rudi mpaka nimefika."

Hapa niwaeleze, maana hata nyinyi wa kuzaliwa Nairobi mnasahau. Kwetu magharibi mwa Kenya, mgeni hatoki nyumbani peke yake. Unamsindikiza, mnaongea, na yeye ndiye husema, sasa rudi, umetufikisha. Mwenyeji akigeuka kabla ya hapo ni kama amemfukuza. Mdogo wangu alipanga kufika kwa reli tu. Alisimama pale, nao wakasimama. Akatazama viatu vya mitumba vilivyopangwa kando ya reli, wakatazama pamoja naye. Akaona bado wanamtaka, akaendelea. Karibu na Ngong Road akapunguza mwendo kabisa, akasema magari ni mengi. Wakamshika mikono, huyu huku, huyu huku, wakamvusha. Sasa angesema nini?

Nikamgeukia msichana wa Tanga. Macho yake yalikuwa chini.

"Bibi," akasema, "kwetu mtoto hamwambii mtu mzima rudi. Yeye ndiye hutuaga. Tulikuwa tunangoja atuage. Tulipoona haagi, tukadhani ana haja na wewe, tukawa tunampumzisha kila palipo na benchi."

Yule wa Uganda akaanza kupiga magoti kuomba msamaha. Nikamwambia asithubutu.

"Watoto wako," mdogo wangu akaniambia, "wana adabu ya kuua mtu." Halafu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aanguke.

Mimi sikucheka. Nilimkalisha kitandani, nikapandisha leso. Goti limevimba, ndiyo. Nikapapasa juu yake, pale penye chuma, nikabonyeza nikimtazama usoni.

"Hapa?"

"Hapo hakuna kitu. Nyayo ndizo zinauma. Hizi patipati ni takataka."

Nikabonyeza tena, maana simwamini. Hakukunja uso. Nikateremsha leso.

Msichana wa Burundi akaleta maji ya moto yenye chumvi, mdogo wangu akaloweka miguu. Akanywa chai, akatusimulia Ngong Road kama mtu aliyevuka ziwa kwa kuogelea. Akasema akienda kliniki atamwambia daktari, na daktari atanyamaza. Kisha akakumbuka maharagwe. Nikamwambia yameungua. Akasema basi lazima arudi, nyumba haijafungwa, akashika fimbo akasimama.

Kabla sijafungua mdomo, wale watatu walikuwa wameshavaa viatu na kujipanga mlangoni, tayari kumsindikiza.

Nikawatazama. Nikaona vile itakavyokuwa: watamfikisha Gatwekera, naye atawarudisha hapa, mpaka Jumatatu iwakute kwa reli. Nikamnyang'anya ile fimbo nikaisukuma nyuma ya kabati.

"Vueni viatu nyote," nikasema. "Wewe mdogo wangu, shika simu yangu upigie yule jirani afunge nyumba. Wewe wa Tanga, mtandikie godoro kando ya langu. Na mpaka kukuche, katika nyumba hii mtu asimsindikize mtu, hata hadi mlangoni."