Gari Lililozimwa kutoka Kabuchai

Phelista Nekoye haombi ruhusa. Ukitaka kumjua, anzia hapo. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala Saboti, anapita kwa wafugaji kukusanya maziwa, anapakia mitungi nyuma ya Probox yake nyeupe na kuteremka nayo hadi Kitale. Kituo chake cha kwanza ni kwangu. Mimi ni Wangui, nina hoteli ndogo ya chai na mandazi karibu na stendi, na chai yangu bila maziwa ya Phelista ni maji ya kuoshea vikombe. Kwa hiyo mtu akiniuliza mimi Mkikuyu nilitafuta nini katika mambo ya familia ya Kibukusu, jibu ni hilo la maziwa. Jibu la pili ni kwamba siwezi kunyamaza nikiona mtu anaonewa.

Gari lilinunuliwa na watu wawili, yeye kwa maziwa yake na mumewe Wakoli kwa kazi yake ya uashi. Gari la jirani lilipoibwa, Wakoli hakulala vizuri mpaka alipoweka traka katika lao. Traka yenyewe ni kisanduku kidogo kinachotoshea kiganjani, kina laini yake ya simu ndani, na fundi hukificha chini ya dashibodi. Ukikitumia meseji kinakujibu gari liko wapi. Ukikitumia meseji nyingine kinalizima. Kinatii namba moja tu, na namba hiyo ilikuwa ya Wakoli.

Hotelini kwangu jambo hilo lilizua mjadala wa wiki nzima. Kuna aliyesema ni mtambo wa shetani. Mwalimu mmoja mstaafu aliapa kwamba redio za magari ya Japani zinatusikiliza, ndiyo maana ukiliwasha gari asubuhi inakusalimia kwa lugha usiyoijua. Mimi nilisema ninachosema siku zote, kwamba kitu chenye neno la siri kitakufungia nje siku moja. Namba ya siri ya simu yangu wanaijua wafanyakazi wangu wote, na sijawahi kuibiwa. Wakoli alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema siku nikiibiwa nisimpigie.

Miaka ikapita, halafu Wakoli akaugua kifua, na hakuugua sana kabla hajatutoka. Tulimzika kwao Kabuchai, kando ya shamba la miwa la baba yake. Siku ya kunyoa nywele, siku chache baada ya mazishi, familia ilikaa kugawa vitu vya marehemu, kama desturi yao inavyotaka. Kofia ilikwenda kwa mjomba. Koti lake zito lilikwenda kwa mdogo wake Nehemiah, maana ndugu lazima avae kitu kilichovaliwa na ndugu yake. Simu ya Wakoli ilikuwa mfukoni mwa koti hilo. Mzee mmoja aliipapasa, akasema kilichomo mfukoni ni cha koti, na watu wakaitikia. Hakuna aliyetoa laini. Namba ya kuifungua ilikuwa mwaka wa kuzaliwa wa Wakoli, na mwaka huo ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeusi kwenye msalaba wa kaburi, kila mtu anausoma.

Phelista aliona simu ikienda. Hakuwa mjinga. Lakini mjane gani ananyoosha mkono kunyang'anya simu mbele ya waombolezaji? Na laini yenyewe hakuwa na moyo wa kuifunga. Aliniambia kwamba alifika hadi mlangoni pa duka la simu, akamwona kijana wa kaunta, akafikiria kumwambia afute jina la mumewe, miguu ikakataa. Akarudi kwenye maziwa yake.

Gari halikutajwa siku ile ya kugawa. Lilitajwa baadaye, kwa simu, na Nehemiah. Alitaka liletwe Kabuchai likae uani kwa mama yao, kwa sababu mwanamke peke yake huko Kitale na gari la marehemu, watu wataongea. Mama mkwe naye alilitamani gari hilo, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho mwanawe alichokishika kwa mikono yake. Phelista alijibu kwa heshima zote kwamba gari ndilo linalosomesha wajukuu wa Mama, na haliendi popote.

Ndipo gari likaanza kuzima.

Lilizima njia ya Saboti, mitungi ikiwa imejaa. Likazima mjini Kitale katikati ya magari yanayopiga honi. Lilikuwa likikaa kimya kwa muda linaotaka lenyewe, kisha linawaka kama halijafanya kosa. Phelista alibadilisha pampu ya mafuta. Akabadilisha betri. Maziwa yakaganda, nikayamwaga mwenyewe nyuma ya hoteli nikiwa na hasira ya kumtafuna mtu. Wateja wangu kila mmoja alikuwa fundi: petroli chafu, waya zilizotafunwa na panya, magari ya siku hizi ni kompyuta yenye magurudumu, afadhali zile pikapu za zamani zilizowashwa kwa kusukumwa. Na kutoka Kabuchai yakaja maneno mabaya kuliko yote, kwamba Wakoli mwenyewe ndiye anayekataa gari lake litembee huko.

Maneno hayo yalimuumiza Phelista kuliko pampu na betri. Alianza kuendesha huku midomo ikitikisika, na nilijua anaongea na marehemu. Wafugaji nao waliyasikia. Jerono, mwenye ng'ombe wengi kupita wote kule Saboti, alimwambia kwa upole kwamba hana ubaya naye, lakini maziwa hayangoji, na mambo yakiendelea hivyo itabidi ampe mtu mwingine. Jerono akitoka, wengine wangemfuata, na biashara ingekwisha. Gari lingekwenda Kabuchai lenyewe, maana lingebaki na kazi gani Kitale?

Siku moja Phelista alikwenda Bungoma kumwona dada yake. Akirudi, alipofika sokoni Kamukuywa, alipunguza mwendo kupanda tuta, na gari likafa palepale. Alikuwa hajafungua hata mlango simu yake ilipolia.

“Mulamwa,” Nehemiah akasema, kama shemeji wanavyoitana kwao, “nasikia gari imekulemea hapo Kamukuywa. Si nilikuambia hiyo kitu inataka kukaa nyumbani? Geuza uilete, hata si mbali.”

Phelista aliangalia huku na huku. Akina mama wa vitunguu, vijana wa boda, hakuna hata mmoja aliyemjua. Akasema sawa, atafikiria. Baada ya muda mfupi akazungusha ufunguo, na gari likawaka.

Aliingia hotelini kwangu bila salamu. Akasimama katikati ya wateja, funguo mkononi.

“Wangui, nani alimwambia Nehemiah niko Kamukuywa kama si hiyo gari yenyewe?”

Nilimjibu kwamba magari hayana mdomo. Nikajisikia mjinga kabla sijamaliza kusema. Tukakumbuka kisanduku kwa wakati mmoja, nikafunga hoteli mchana kweupe, tukaenda kwa Kipyegon, yule fundi wa umeme aliyekifunga.

Kipyegon alijikunja chini ya usukani, akatoka akijifuta mikono. Alisema mtambo ni mzima na unafanya kazi uliyotumwa. Ukiamriwa kuzima gari haukati papo hapo, unasubiri dereva apunguze mwendo ili asiue watu. Ndiyo maana ni matuta na foleni kila mara. Amri inatoka kwa namba ileile ya Wakoli, ambayo yeye mwenyewe aliitumia orodha ya amri kwa meseji siku ya kukifunga, na neno la siri ni lile lililotoka nalo dukani. Akakubali kwamba wateja wake karibu wote hawalibadilishi, na yeye husahau kuwaambia. Nikamkaripia. Akaomba msamaha, akachukua koleo, akasema anakikata sasa hivi.

“Usikikate,” Phelista akasema. “Fanya kisikie namba yangu peke yake. Halafu rudisha kila kitu vile kilikuwa.”

Nilimwambia ameshikwa na homa. Kitoe, ufunge laini, uende polisi, uishi. Yeye alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu, mgongo umenyooka, na sikuwahi kumwona ametulia hivyo tangu mazishi.

“Nikikitoa, gari itatembea, na Nehemiah atasema Wakoli amenisamehe. Amenisamehe nini? Nataka Mama aone kwa macho yake.”

Kipyegon akabadilisha namba, akabadilisha na neno la siri. Neno jipya Phelista alilichapa mwenyewe huku ametugeuzia mgongo, hata mimi hakunionyesha. Nilinuna kidogo, nakubali. Kisha akampigia Nehemiah, akasema Jumamosi anakuja Kabuchai na gari, Mama awepo na wazee wawepo.

Nilikwenda naye. Njia nzima nilikuwa nikiogopa kwa niaba yake, maana Kipyegon alikuwa amekijaribu kisanduku mara moja tu na mimi vitu hivi siviamini hata vikiapishwa. Phelista mwenyewe alikuwa akitafuna miwa.

Tulikuta viti vimepangwa uani. Mama mkwe, mwembamba na mweupe wa nywele, alikuwa amefungua mikono kabla hatujasimama. Nehemiah alikuwa ndani ya koti la kaka yake ingawa jua lilikuwa kali, amejaa furaha, ameshasafisha mahali pa kuegesha. Tulikunywa chai. Mzee mmoja akaomba. Nehemiah akaongea maneno mengi kuhusu ukoo, kuhusu gari kurudi nyumbani, kuhusu marehemu ambaye sasa atapumzika.

Phelista alipopewa nafasi hakuongea mengi. Alimwambia mama mkwe kwamba gari halina ugonjwa wala halina roho ya mtu. Linazimwa kwa simu ya Wakoli, na simu iko katika koti. Nehemiah akacheka, akasema yeye hata meseji hajui kuandika, simu hiyo anaitumia kama tochi, na mulamwa amechanganyikiwa na uchungu. Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma, na huruma hiyo haikuwa upande wetu. Hata Mama aliangalia chini. Nikamlaani Kipyegon na koleo lake.

“Sawa,” Phelista akasema. “Basi mimi narudi Kitale kwa kazi. Gari naenda nayo.”

Akaenda akaliwasha. Hakuelekea lango. Aliliendesha polepole kuzunguka ua, polepole kuliko ng'ombe anayetoka malishoni, akipita nyuma ya viti, mbele ya jiko, kando ya kaburi, akarudi tena. Hakupiga honi wala hakumtazama mtu. Kwa mwendo ule kisanduku kingetii amri yoyote.

Nehemiah alivumilia mzunguko mmoja. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni. Akaitoa simu, akabonyeza, akainua macho kulitazama gari. Gari likapita mbele yake likinguruma. Akabonyeza tena kwa nguvu, akainua macho tena. Alikuwa amesahau kwamba ameketi katikati ya watu. Mzee aliyeomba aligeuka akamwangalia, wa pili naye, na hatimaye mama yake.

“Nehemiah,” mama akasema, “unaandikia nani na hiyo simu? Mwenyewe si tulimzika?”

Kidole cha Nehemiah kilikuwa bado juu ya kioo. Mama mkwe aliinuka kwa shida, akaichukua simu mkononi mwake bila kumvuta, akatembea nayo hadi njia ya gari na kusimama pale mpaka Phelista akaja na kusimama. Akamkabidhi kupitia dirishani. Alimwambia kitu kwa Kibukusu ambacho sikukielewa, na Phelista akambusu mkono. Hatukungoja chakula.

Barabarani nilishika hiyo simu mimi, maana yeye alikuwa akiendesha. Nikaifungua kwa mwaka wa msalabani na kwenda moja kwa moja kwenye meseji. Amri za Nehemiah zilikuwa nyingi, zima, washa, uko wapi, zima. Nikampandishia sauti yangu ya hasira, nikimsomea zote. Kisha nikapanda juu zaidi, nikafika kwenye meseji za Wakoli mwenyewe, nikaacha kusoma kwa sauti.

Aliniuliza kuna nini. Nilitaka kudanganya, sikuweza. Nilimwambia kwamba Wakoli hakuwahi kulizima gari hata mara moja. Lakini kila asubuhi ya maziwa, Phelista akiwa peke yake kwenye giza la Saboti, Wakoli aliuliza gari liko wapi. Kisha anauliza tena. Mwaka baada ya mwaka, mpaka wiki aliyolazwa.

“Nilikuwa namwacha amelala,” Phelista akasema.

Nilimwambia ilikuwa wasiwasi wa mtu anayempenda, na ninaamini hivyo hata leo. Yeye hakubisha. Alilia waziwazi, machozi yakishuka mpaka kidevuni, bila kupunguza mwendo na bila kuyafuta. Tulivuka Kamukuywa, tukafika Kiminini, ndipo akaongea.

“Jumatatu Kipyegon akitoe hicho kisanduku.”

“Lakini si sasa kinasikia wewe peke yako?”

“Wangui,” akasema, akibadilisha gia, “mimi najua mahali niko.”